Kwa Nini Pilipili Humchoma Mwenye Meno

Sogeeni karibu. Na wewe unayepuliza ulimi kama anayepuliza kuni mbichi, weka chini hicho kikombe cha maji. Hakitakusaidia, na sababu yake utaipata hapa hapa. Mmeuliza inakuwaje ndege anameza pilipili nzima nzima na kuendelea kuimba, na wewe, pamoja na mwili wote huo, kipande kimoja cha kwenye kachumbari kimekuliza mbele ya wakwe. Swali zuri. Jibu lake huniudhi kila ninapolitoa, kwa hiyo mnivumilie.

Kulikuwa na enzi ambayo pilipili ilikuwa tamu. Tamu hasa, kama embe lililoiva likasahauliwa mtini. Wagonjwa waliletewa pilipili, na watoto waliachishwa ziwa kwa pilipili. Hakuna aliyeiogopa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mama Pilipili alikuwa na shida ya kila mmea: hana miguu. Watoto wake, yaani mbegu, wakiangukia chini yake hufa. Kivuli chake kinawanyima jua, mizizi yake inawanyang'anya maji. Ni mama gani anayetaka kuwaua wanawe kwa kuwakumbatia? Ilibidi waende mbali, na wa kuwapeleka walikuwa wenye miguu na wenye mabawa.

Basi akapatana na viumbe wa bonde lile. Alijivika wekundu ili aonekane kwa mbali, akatia utamu kwenye nyama ya tunda, akasema, “Utamu ndio ujira wenu, kuleni. Lakini aliyemo ndani ni mwanangu. Mmezeni mzima, mkamshushe mzima, huko mbali penye udongo mwema.” Wote wakakubali. Mwenye njaa hajawahi kushindwa kukubali.

Aliyekubali kwa sauti kubwa kuliko wote ni Sekibaha, mtu wa kwanza kujenga bondeni pale. “Mtani wangu,” alisema, mkono kifuani, “watoto wako ni watoto wangu.” Alimwita mtani kwa sababu ukoo wake na mimea ya bonde walikuwa wakitaniana tangu mababu. Huyu akichuma bila kuomba, yule anamdunga kwa mwiba, na wote wanacheka. Ulikuwa utani mzuri, wa heshima zake.

Mvua zikaja, zikaondoka. Mama Pilipili akawa anamuuliza kila apitaye kama ameona mche mdogo wenye majani kama yake. Aliyeleta habari ni Shore peke yake, yule ndege mdogo mwenye kishungi. Mmoja ameota kwenye kichuguu, alisema, na mwingine kando ya mwamba, tena huyo ameshatoa maua.

“Na wale aliowachukua Sekibaha?”

“Sijawaona, mama.”

“Na aliowachukua Ng'ombe?”

Shore akajifanya bawa linamuwasha.

Adhuhuri moja Sekibaha alikuja kuketi kando ya Mama Pilipili, akachuma tunda, akalitia mdomoni. Kisha mama akasikia, karibu kabisa na jani lake, kru. Halafu tena, kru, kru. Magego yalikuwa yanasaga. Sekibaha akainama kwenye mto uliopita pale kando, akachota maji, akasukutua, akatema. Vipande vikaelea mbele ya macho ya mama mtu, na yeye bado anachokoa jino.

Mama Pilipili hakupiga yowe. Angepiga yowe, labda leo mngepona. Aliwaita wote siku ile ile, wakaja.

“Sekibaha, mwanangu yuko wapi?”

“Yupi tena, mtani? Una wanao wengi kuliko nywele za kichwa changu.”

Wengine wakacheka. Naam, walicheka.

“Yule niliyemsikia anavunjika.”

“Sasa mtani, ndiyo umekasirika? Si utani huu? Mimi hata msibani kwako nikija nitalala kwenye jeneza, na utacheka.”

“Mtani huchukua kuku,” alisema Mama Pilipili. “Huchukua kofia ya bwana harusi. Huja msibani akamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa wanapata pumzi. Mtani hachukui mtoto akamtafuna, kisha akaniita mtani.”

“Basi niambie, haya magego niliyopewa niyafanyie nini? Niyafungie sandukuni?”

Nimeshawachekesha watu wengi maishani mwangu, nami nawaambieni, hakuna kitu kichafu kama mtu aliyeumiza kisha akaomba achekewe. Anakuvunja mguu, halafu anakushangaa mbona huchezi.

Mama Pilipili akamgeukia Maji, maana Maji alikuwamo ndani ya kinywa kile. “Ulipita kwenye meno yake,” alimwambia. “Sema ulichokiona.”

Maji aliogopa. Ugomvi na Sekibaha ungemfukuza mitungini na vyunguni, alikokuwa ameshazoea kubebwa kichwani kama bibi harusi. Akasema, “Mimi, dada, ni mpita njia. Nilipita tu. Sikuona kitu.” Na vipande bado vilikuwa vinaelea mgongoni mwake.

Ndipo Ng'ombe akajisogeza mbele, kichwa chini.

“Mimi niliwatafuna,” alisema. “Kisha nikalala kivulini, nikawacheua, nikawatafuna tena. Sina utani wa kusingizia. Nina ndama, nami najua ningefanya nini kama angetafunwa yeye. Sina cha kulipa, mama, isipokuwa maziwa yake. Yachukue.” Akasogea, akaacha maziwa yamwagike penye mizizi ya Mama Pilipili, na ndama akiangalia.

Kosa la Ng'ombe lilikuwa kubwa kuliko la wote, maana yeye alitafuna mara mbili. Lakini yeye peke yake ndiye aliyesema nimetafuna. Jambo dogo hilo, na bado kuna watu hadi leo wangekubali kung'olewa hayo magego kuliko kulitamka.

Mama Pilipili hakutafuta hakimu. Alivuta hasira yake yote kutoka mzizini, akaipandisha shinani, akaifikisha kwenye tunda. Ukipasua pilipili utauona ndani utando mweupe ulioshikilia mbegu. Ule ndio mbeleko aliyowabebea wanawe. Akailoweza mbeleko ile kwa hasira hadi ikalowa chepechepe. Ndiyo maana hata leo ukali mwingi wa pilipili umo katika utando ule, wala si katika mbegu kama mnavyodanganyana jikoni.

Akasema, “Shore, wewe huna jino. Umewabeba wanangu wakafika. Kwako nitabaki tamu. Mwenye magego yeyote akinigusa, nitawaka. Nawe Maji, kwa kuwa wewe ni mpita njia, utapita. Nitakapowaka, utapita juu ya moto wangu na hutauzima, utausambaza tu. Ng'ombe, wewe pia una magego, na sitakupunguzia. Lakini popote nitakapowaka, maziwa yako yakija, nitayasikiliza.”

Sekibaha alipiga makofi. “Mtani huyu,” alisema, akachuma tunda lililoiva, akaling'ata katikati.

Kwanza alitabasamu. Kisha tabasamu likasimama lilipo, kama mgeni aliyekosea nyumba. Machozi yakamtoka, kamasi zikafuata, masikio yakapiga mluzi. Alijitupa mtoni, akanywa, akanywa tena, na kila funda likaubeba moto kutoka ulimini hadi kooni, kutoka kooni hadi asikokujua. Alitambaa kwa magoti hadi kwa Ng'ombe na kuomba maziwa bila kutania mtu. Ng'ombe akampa. Moto ukatulia, si wote, ila alipata pa kuvutia pumzi.

Na tangu siku hiyo, Shore na wenzake humeza pilipili kama punje za mtama, wakaenda kuzidondosha mbali pamoja na samadi yao, na pale huota mche. Tangu siku hiyo ukiungua ukakimbilia maji, moto hutembea. Ukinywa maziwa, au mtindi, hutulia. Sisi uzao wa Sekibaha tumeipanda pilipili nyuma ya kila jiko, na watoto wa mama yule wamefika kote alikotamani wafike. Mtu angesema sasa apoe. Lakini kila jioni tunakaa kuzunguka sahani moja, jasho linatutiririka, kamasi hizo, na katikati ya kilio mmoja wetu anasema, “Niongezee kidogo.” Mama Pilipili anatusikia. Hajasamehe, na sioni kwa nini asamehe, maana magego bado yanasaga.