Ua la Sungura na Ndevu za Simba

Sungura alifunua kapu lake kwa mbwembwe mbele ya baraza zima kando ya kisima, macho yake yakiwa kwa Simba. "Mfalme, tazama manjano hayo!"

Nyani akaangua kicheko, na Sungura akainama kuangalia. Ua lilikuwa zambarau, zambarau ya biringanya.

"Safari zote hizo, ndugu yangu," Nyani alisema, "na rangi hukujifunza?"

Mambo yalikuwa hivi. Ukame ulikausha mito, kikabaki kisima kimoja. Simba, anayejipenda kuliko anavyopenda nyama, akatangaza kwamba atakayemletea airisi, lile ua fupi lenye ndevu za nyuzinyuzi katikati, likiwa na manjano ya ndevu zake mwenyewe, atapewa kisima hicho. Sungura, mwenye watoto chungu nzima na wote midomo imewakauka, alipanda mbegu za ua la manjano alilolipata ugenini. Angepanda kipande cha mzizi, angepata rangi ileile. Lakini mbegu ni kazi ya nyuki wanaochanganya chavua, na nyuki hawaulizi ukoo: mama mmoja huzaa zambarau, nyeupe, hata kahawia. Naye alilibeba likiwa tumba, likafunguka njiani.

"Pisheni!" Fisi alijitoma katikati na ua la manjano matupu. "Na nikishapewa kisima, msinijie na vibuyu vyenu."

Sungura alinusa. "Bwana Fisi, mbona ua lako linanukia mchuzi?"

"Wivu huo!"

"Labda. Ila lina kiu, masikini. Tulinyunyizie maji."

"Lisiguswe! La kwangu halinywi maji!"

"Ukame wote huu," Simba alinguruma, "na ua halitaki maji?" Akalichovya kisimani mwenyewe. Binzari ikatiririka, ua likatoka jeupe pe.

"Basi hakuna aliyeshinda," alisema Nyani.

Sungura akalitazama tena ua lake la aibu, masikio yakamsimama. "Mfalme, wewe ulitaja ndevu. Hebu tazama ndevu zake!"

Kweli, katikati ya zambarau zilining'inia ndevu za manjano, nzito, zimechanwa vizuri. Simba alijitazama majini, akalitazama ua, akajitazama tena.

"Tumefanana," alisema kwa sauti laini. "Kisima ni chako."

"Chetu," alisema Sungura. "Leteni vibuyu!"

Fisi alisogea, ulimi nje. "Mfalme, na mimi je? Tone moja tu!"

Simba aliitazama mikono ya Fisi, imejaa binzari hadi viwikoni.

"Jirambe."