Kifaru Alivyokataa Nafuu

Hapo zamani za kale, sogeeni wanangu, wanyama walikuwa na uwanja wa gofu, na kando yake chemchemi. Mwaka mmoja mvua ikagoma. Wakakubaliana: atakayeshinda mashindano ya gofu, nyumba yake itateka maji kwanza kiangazi chote.

Bi Pimbi alirudi nyumbani akakuta wanawe wanalamba mtungi mkavu.

"Nyamazeni," akawaambia. "Tutakunywa."

Atawashindaje Kifaru na Kiboko, wenye mabavu yao? Mchezo ulikuwa na sheria yake. Mwenye mipigo michache ndiye mshindi, lakini asiye hodari alipewa nafuu: mwishoni alipunguziwa mipigo kadhaa, ili naye ashindane na wenzake. Korongo, mwamuzi, aliwatazama wote wakifanya mazoezi. Kifaru akapiga mpira, vuuu! Ukavunja chungu cha Mama Ngiri. Kiboko akapiga hewa, akaanguka, puu!

Korongo akatikisa kichwa. "Bi Pimbi, nafuu yako mipigo thelathini. Kifaru na Kiboko, ishirini ishirini."

Jioni Bi Pimbi akaenda kwa Kifaru.

"Shikamoo, mzee. Pole sana."

"Marahaba. Pole ya nini?"

"Nimesikia umepewa nafuu. Kumbe unaumwa?"

"Nani anaumwa?"

"Samahani, baba. Nilidhani nafuu ni ya wagonjwa na wanyonge kama sisi. Nawe, na pembe yote hiyo! Haya, ugua pole."

Kifaru akafura kama andazi. Mbio hadi kwa Korongo. "Ondoa nafuu yangu! Ondoa yote!"

Kiboko akasikia. Apitwe yeye? "Mimi usiniondolee tu, niongezee mipigo mitano juu! Mimi ni mzima kuliko Kifaru!"

"Mna hakika?" Korongo akauliza.

"Hakika!"

"Haya. Msije mkanililia."

Siku ikafika. Kifaru akapiga, vuuu! Mpira mchangani, naye akachimba kama anatafuta mihogo. Kiboko akapiga, chubwi! Majini. Akaingia kuutafuta, kukawa kutamu, akasahau kutoka. Mchezo ukamwishia hapo.

Bi Pimbi yeye, tik, tik, tik, kama anayefagia ua.

"Utafika kesho, mama!" Kifaru akamcheka.

"Nitafika tu, baba."

Mashimo yote ya kutumbukiza mpira yakaisha. Korongo akatangaza, "Kifaru, mipigo mia moja. Bi Pimbi, mia na kumi na tano."

"Nimeshinda!" Kifaru akarukaruka, ardhi ikatetemeka, tindi! tindi!

"Tulia. Bi Pimbi natoa thelathini, anabaki na themanini na tano. Wewe sina cha kutoa. Mshindi ni Bi Pimbi!"

Kifaru akakodoa macho. Akahesabu kwa kwato, akarudia, jasho likamtoka. "Kwani ile ishirini yangu..."

"Ungeichukua ungebaki na themanini, ungemshinda," Korongo akasema. "Ulisema huumwi."

Kwa kwa kwa! Fisi akaanguka kwa kicheko. Wana wa Bi Pimbi walikuwa wameshafika chemchemini na mitungi yao, wanakunywa mpaka matumbo yanalia bwabwabwa. Kifaru akasimama nyuma yao na ndoo, mdomo mkavu, akisukumwa na Ngiri.

Basi, wanangu: anayeona haya kupunguziwa mzigo, sifa zake hazitamtoa kiu.