Jina la Mtoto wa Yusta

Sogeeni karibu, kisa hiki kinataka vichwa vingi.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Makete walikuwapo watu watatu. Hanania alikuwa na gari dogo kuukuu, na barabara ya kuteremkia mjini aliijua hata ukungu ukiifunika. Eliabi alikuwa fundi. Chuma kilichowashinda wengine yeye kilimtii. Agnesi, mjane asiye na mtoto, alikuwa na gari la aina ileile ya Hanania, aliloachiwa na marehemu mumewe, Ezekia. Lilikaa uani, haliendeshwi na mtu. Alilifuta vumbi kila mara, na mgeni angedhani mwenye gari amekwenda dukani tu.

Na alikuwapo Obadia. Yeye alijua kulima viazi, basi.

Asubuhi moja mkewe Obadia, Yusta, alishikwa na uchungu. Mkunga wa zahanati alimpima, akatoka nje. "Baba, mtoto amekaa vibaya. Mama anahitaji upasuaji, na hapa hatupasui."

Gari la wagonjwa lilikuwa safarini mbali. Akaitwa Hanania. Hawakuwa wametoka hata kijijini walipogonga jiwe lililoporomoshwa na mvua. Hanania akazungusha usukani. Ukazunguka bure, magurudumu yasigeuke.

Eliabi alifika mbio, akachungulia chini ya gari. "Reki ya usukani imevunjika," alisema. "Kile chuma chenye meno kinachogeuza magurudumu. Hakiungwi, ni kubadilisha. Na kipya kiko mjini."

Yusta alikuwa amelala kiti cha nyuma, anauma kanga yake. Obadia aliitazama mikono yake, mikubwa, haina kazi.

"Atakayemfikisha mke wangu hospitali," alisema kwa sauti ndogo, "mtoto achukue jina lake. Sina kingine cha kutoa."

Kila mtu alikuwa akiliwaza gari la Ezekia, na hakuna aliyethubutu kulitaja. Agnesi alikuja mwenyewe, funguo mkononi. "Kafungueni hiyo reki kwenye la mume wangu," alisema. Eliabi alipoanza kulegeza nati, Agnesi aligeukia ukuta. Walipomaliza, gari la Ezekia lilibaki juu ya matofali, magurudumu yametazamana.

Yusta aliteremshwa kando, na Eliabi akarudi kulala topeni chini ya gari la Hanania. Akiwa amefunga upande mmoja, jeki ikaanza kuzama. Obadia akatia bega kwenye bodi, akasukuma, gari likazidi kushuka.

"Toka, kaka, litakulalia," Obadia alimwambia.

"Nikitoka nani atafunga?"

Akafunga. Akapima magurudumu kwa kamba na jicho, kwa kuwa hakukuwa na kipimo kingine. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umebanwa, na vidole viwili havijakunjika mpaka leo.

Ikabaki barabara. Gari lilivuta kushoto, na kushoto kulikuwa bonde. Usukani ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na ukungu umeshuka. Hanania alishindana nao kona baada ya kona, akiuliza tu, "Shemeji anapumua?" Nyuma Obadia alijibu, "Anapumua," ingawa mara nyingine hakuwa na hakika. Walipofika, manesi ndio waliombandua Hanania vidole kwenye usukani.

Mtoto alizaliwa hai, wa kiume. Yusta naye alipona, lakini daktari aliwaambia kwamba hatazaa tena.

Hanania alisema, "Ahadi ilikuwa ya atakayemfikisha. Nimemfikisha."

Eliabi aliposikia alijibu, "Angemfikisha na nini?"

Agnesi hakudai jina lake mwenyewe. Alituma neno tu: "Mwambieni Obadia, mtoto sina, na gari nimeshalitoa. Ezekia hana tena mahali pa kuitwa."

Obadia akamwendea mkewe. Yusta alimgeuzia mtoto titi la pili, akasema, "Ahadi ulitoa wewe, baba. Mimi sikuwa na nguvu hata ya kuahidi."

Basi mtoto akanyonya, akanenepa, akaanza kucheka, na bado anaitwa "mtoto". Kila jioni Obadia humpakata, hufungua kinywa aseme jina, kisha hukifunga.

Haya, nyinyi mnaosikiliza. Jina ni moja, na mtoto huyu hatapata mdogo wake. Wewe ungemwita nani? Na wale wawili waliobaki, ungewaambia nini?