Komwe Iliyobaki Shimoni

Paukwa! Mbona mnaitika kinyonge? Semeni pakawa kwa kifua, ndipo nifungue kinywa. Haya.

Zamani, zamani ile ambayo hata nyanya yangu aliisikia kwa nyanya yake, mji wetu ulikuwa juu ya kilima cha Kirinda, na chini yake kulikuwa na pango la udongo mweupe. Mlango wake ulikuwa mwembamba, mtu mzima hapiti. Kila kiangazi watoto waliingia, wakachimba, wakatoka. Kisha wazee wakaviringisha jiwe mlangoni, chui asije akahamia. Waliingia, wakachimba, wakatoka. Na hakuna aliyewahesabu. Mbuzi walihesabiwa, mitungi ilihesabiwa, lakini watu, hasha. Ukimhesabu mtu, walisema, umemwonyesha mauti njia.

Sasa sikilizeni, na wewe acha kumfinya mwenzio. Mwaka mmoja jiwe liliwekwa, watu wakarudi mjini. Mtoto mdogo, Chengo, alikuwa amelala ndani. Kwao walidhani yuko kwa bibi, bibi alidhani yuko kwao. Alipokumbukwa, siku tatu zilikuwa zimepita. Walimtoa, wakamzika.

Dada yake, Mbeyu, ndiye aliyemshika mkono wakati wa kuingia, na wakati wa kutoka akamsahau. Hakuna aliyemlaumu. Alijilaumu mwenyewe, na lawama hiyo haina dawa.

Mbeyu huyo hesabu zilimshinda. Mjomba wake alimfundisha kwa fimbo. Akifika saba, analia. Basi bibi yake, Kanze, akamwita uani, akachimba kishimo, akamwekea komwe, zile mbegu ngumu za kuchezea bao.

"Sitaki uniambie ni ngapi," akasema. "Mbuzi akitoka zizini, tia komwe. Akirudi, toa. Kisha uniambie kama wote wako nyumbani."

Mbeyu akacheza. Akitoka, tia, akirudi, toa. Siku ya nne komwe moja ikabaki, akaenda kutafuta, akamkuta mwanambuzi amenasa kichakani. Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Tangu hapo hakushikika. Akazipanga mbili mbili, akatafuta inayobaki pweke, akamtegea bibi mafumbo ya komwe mpaka bibi akaomba apumzishwe.

Kiangazi kikarudi. Mbeyu akachimba kishimo kando ya pango. Kila mtoto aliyeingia alitia komwe.

Mzee Ngowa, msimamizi wa jiwe, akakunja uso. "Mbeyu, unawahesabu watoto wa watu?"

"Sihesabu, babu. Hata sijui ni wangapi. Nacheza tu."

Watoto wakatoka. Kila aliyetoka aliokota komwe. Wazee wakashika jiwe.

"Babu, subirini. Komwe moja imebaki."

"Nani hayupo?"

Wakatazamana. Kila mama alimwona wake.

"Umekosea mchezo wako," Ngowa akasema. "Ondoka hapo."

Mbeyu akakaa mlangoni kabisa. "Mwaka jana nilitegemea mkono wangu, na mkono ulisahau. Komwe haisahau. Mkifunga, mnifungie na mimi humu."

Akatambaa ndani. Wakangoja, wakangoja. Akatoka akimvuta Sidi, yatima aliyelelewa leo nyumba hii, kesho ile. Mguu ulikuwa umebanwa na mwamba, na sauti imemkauka kwa kulia. Sidi akanyoosha mkono, akaokota komwe yake mwenyewe.

Mzee Ngowa akaketi chini, vumbini. "Hatukumhesabu Chengo," akasema, "na mauti yalimwona vilevile."

Mbeyu akarudi nyumbani, akatia komwe moja katika kishimo cha uani. Hiyo ilikuwa ya Chengo. Hakuitoa hata alipozeeka.

Wajukuu wangu, hesabu si fimbo ya mjomba. Ichezeni kwa mikono yenu mpaka muipende, kwa kuwa anayekupenda atataka kujua kama umerudi.

Kisa changu kimefika mlangoni, nami nakiacha hapo. Kishimo hicho hapo kizingitini, mlitia komwe mlipokuja. Kila anayekwenda kwao aokote yake. Mimi sisimami mpaka kiwe kitupu.