Kwa Nini Ningu Hupanda kwa Vituo

Hapo kale, mto Ilumya ulishuka kutoka milimani hadi ziwani bila kuzuiwa na yeyote. Kila masika samaki waitwao ningu walitoka ziwani, wakapanda mto kwenda kutaga mayai kwenye vijito vya juu. Wa bondeni walivua, wa milimani walivua, na bado samaki walibaki tele.

Ukaja ukame wa kutisha. Ndipo Luhende, fundi wa mawe asiye na mpinzani bonde zima, akajenga ukuta kukatiza mto. Ulikuwa ukuta hasa! Maji yalituama nyuma yake, mtama ukanawiri jua likiwaka, na Luhende akawa akitembea kifua mbele. Nani angemlaumu? Alikuwa amewaokoa watu na njaa.

Masika yalipofika, ningu walikuja wakagonga ukuta. Waliruka, wakaanguka, wakaruka tena. Watu wa bondeni waliwachota kwa vikapu huku wakicheka. Miaka michache baadaye, hapakuwa na cha kuchota.

Dada yake Luhende, Minza, aliyeolewa milimani, akashuka na watu wa huko, majembe begani.

"Kaka," alisema, "wanangu hawaijui ladha ya ningu. Umesahau kwamba una dada huko juu?"

Walikuja kubomoa. Luhende aliona aibu, lakini akilini aliuona pia mtama ukikauka ukuta ukibomolewa. Akawasihi wampe msimu mmoja tu wa mvua. Ningu wasipopita, ukuta ubomolewe, naye atakuwa wa kwanza kushika jembe. Minza akakubali shingo upande.

Luhende akajenga ngazi ya mawe ubavuni mwa ukuta, maji yakitiririka juu yake. Aliipima kwa mguu wake mwenyewe, kama ngazi ya ghala lake. Mvua ikanyesha. Ningu wachache waliosalia wakaruka kidato cha kwanza, cha pili kikawashinda, maji yakawarudisha chini.

"Ngazi hii ni ya samaki au ni ya kwako?" Minza alimtania, ingawa machozi yalikuwa yakimlengalenga.

Luhende akaingia majini hadi kiunoni, akatazama. Kwenye kidato cha kwanza, katika shimo lililoachwa na jiwe lililong'oka, alimwona ningu jike, tumbo limejaa mayai. Alikuwa ametulia, mapezi yakicheza polepole, kama mama aliyetua mzigo njiani. Kisha akaruka, akafika kidato cha pili. Luhende akapiga kelele kwa furaha. Kumbe samaki hawakukosa nguvu, walikosa pa kupumzikia!

Akaivunja ngazi, akaijenga upya. Safari hii aliweka kidimbwi katika kila kidato, na hakuna kidato kilichozidi mruko wa yule jike. Majembe yaliyoletwa kubomoa yakachimba. Maji yalipofunguliwa, jike akapanda kutoka kidimbwi hadi kidimbwi, wenzake nyuma yake, mpaka akapotelea kwenye maji mapana ya juu. Minza akamkumbatia kaka yake, akalia bila kujificha.

Na tangu masika hayo, ningu hupanda kwa vituo, wakiruka na kupumzika, na hakuna ukuta unaojengwa Ilumya bila ngazi ubavuni. Kikapu hakitiwi kwenye vidimbwi vile. Anayejaribu hapigwi wala hatozwi faini. Huulizwa tu, mbele ya watu: "Wewe, huna dada huko juu?"