Pimbi na Kaburi la Msitu wa Mwisho

Hapo zamani za kale, kale ambayo hata Kobe huijua kwa kusimuliwa na nyanya yake, nchi ya wanyama ilibakiwa na msitu mmoja tu. Mingine yote Ndovu na wenzake walikuwa wameshaifyeka wakapanda mtama. Nisikilizeni vizuri, wanangu, maana kisa hiki nakijua mimi peke yangu, na mwingine anayejidai kukijua kakiiba kwangu.

Ndani ya msitu huo mlikuwa na chemchemi, juu ya chemchemi mawe, na katikati ya mawe alikaa Pimbi na mama yake mkongwe. Siku Pimbi aliposikia mashoka yananolewa, kwaru, kwaru, alimkimbilia mama yake.

"Mama, kesho wanakuja. Chemchemi ikipigwa jua, haimalizi mwezi."

"Na sheria je?"

Sheria ya nchi ile ilikuwa fupi: msitu wenye kaburi la mzazi haukatwi, haulimwi. Wale wakubwa waliiheshimu kuliko walivyoheshimu matumbo yao.

"Kaburi hatuna," Pimbi akasema. Akajikuna sikio. "Ila mama ninaye."

Mama akamtazama, akacheka mpaka akakohoa. "Niue tu, mwanangu. Lakini usinizike na njaa."

Basi asubuhi Ndovu, Nyati na Fisi walipofika na mashoka begani, walikuta tuta la udongo mbichi, na Pimbi kajifunga shuka kiunoni, analia kwi, kwi, kwi.

"Kulikoni, mpwa wangu?" Ndovu akauliza.

"Mama, mjomba. Katutoka jana alasiri."

Ndovu akalilaza shoka chini polepole. "Yule aliyemkanda mwanangu mguu ulipoteguka? Yule yule?" Machozi yakamtoka, kila tone kama nazi. Nyuma ya jiwe, marehemu alikuwa anasikia sifa zake, kajiziba mdomo kwa viganja viwili.

Wakarudi na mashoka yao, na jioni wakaleta uji wa matanga. Mama akanywa mabakuli mawili.

Siku ya tatu Fisi alirudi kimya kimya, akanusa lile tuta huku na huku, kisha akamwendea Ndovu. "Mzee, mimi na makaburi tunajuana. Lile halina mtu. Kile kijitu kinatuchezea."

Ndovu akatuma neno: kesho asubuhi kaburi litafukuliwa. Likiwa tupu, jioni hautasimama hata mti mmoja.

"Tuhame, mama," Pimbi akasema.

"Tuhamie wapi? Nionyeshe msitu mwingine."

Pimbi akageuka, akalitazama lile kaburi tupu.

"Nitalala humo," mama akasema. "Nitajipaka uyoga uliooza, Fisi ashibe harufu. Nifunike udongo kidogo. Wakishaniona na kwenda zao, nitoe upesi, maana kifua changu unakijua."

"Mama, hapana."

"Umeshaniua mara moja, sikulalamika. Nifunike."

Walipofukua, alikuwemo, macho kayafumba. Fisi alinusa, mkia ukamwingia katikati ya miguu. Ndovu akapiga magoti.

"Tumemfukua mama wa watu," akasema. "Na kaburi lenyewe tazameni, kina cha kiganja. Mtoto wa watu hakuwa na nguvu za kuchimba. Nitamfukia mimi, kwa heshima anayostahili."

"Acha, mjomba, nitamfunika mwenyewe."

"Mfiwa hashiki udongo, mpwa wangu. Kaa pale."

Akazoa udongo kwa mkonga. Pu. Pu. Pu. Chini yake kikasikika kikohozi kidogo, na Pimbi peke yake ndiye aliyekisikia.

Akaruka juu ya lile tuta. "Yu hai! Mama yangu yu hai, mjomba, nilikudanganya. Kateni msitu wote, lakini mtoeni."

Ndovu akamkumbatia kwa mkonga. "Wafiwa wote husema hivyo. Mshikeni."

Nyati akamshika mkono huu, Fisi mkono ule. "Ni uongo," Pimbi akalia, "niliwadanganya tangu siku ya kwanza."

"Lia tu," Nyati akamwambia kwa upole. "Lia, utapoa."

Ndovu akalishindilia kaburi kwa mguu, taratibu kabisa asimsumbue marehemu, halafu akakaa kando yake mpaka jua likatua, kama desturi inavyotaka.

Msitu ule haukuguswa tena. Ndovu mwenyewe akawa mlinzi wake, na aliyeonekana na shoka alitimuliwa mpaka mpakani. Chemchemi inatoka bado. Na Pimbi hadi leo hupiga kelele kwenye mawe yote, na wapitao husema, ah, mnyama yule ni mlalamishi tu.

Hapo ndipo mdomo wangu unapofika, nanyi shikeni hili: nchi isiyolinda misitu yake ikiwa mingi, huja kulinda wa mwisho kwa roho ya mtu.