Saruji ya Jumbe Shomvi

Nisikilizeni, na anayetaka kucheka atoke. Palikuwa na ngome ya mawe ufukweni, na ndani ya ukuta wake alikaa jini aliyeushikilia miaka mia tatu. Ukuta ulipopasuka, mkubwa wa mji, Jumbe Shomvi, akaamuru upigwe saruji. Saruji! Juu ya mawe ya matumbawe!

Bi Zamzam, mchoma chokaa, akamwambia, "Jumbe, ukuta huu hupumua kwa chokaa. Saruji itauziba pumzi."

"Nyamaza, bibi! Wageni wanakuja Ijumaa."

Wakapiga saruji, ikabanduka. Wakapiga tena, ikabanduka na mawe. Wakapiga mara ya tatu, nene kama godoro, na ukuta ukakohoa.

Jini akatoka, macho mekundu. "Nimewashikia ngome hii tangu enzi za babu zenu, nanyi mwaninyima hewa!" Akachota saruji mbichi, akampaka Jumbe kichwani hadi miguuni. "Haya, pumua!" Kisha akaenda zake baharini, na ngome ikaporomoka nyuma yake.

Ijumaa wageni wakafika, wakakuta kifusi na sanamu moja ya saruji. Wakauliza, "Nani huyu?"

Bi Zamzam akatema mate. "Huyo ndiye aliyeikarabati ngome yetu."